Kijana, mbwa na mlango



Filamu ya "A Stray" ya Musa Syeed, iliyotoka mwaka 2016, ilipigwa hapa kwetu Minneapolis, katika mtaa wa Cedar-Riverside, kwa fedha kidogo. Barkhad Abdirahman, aliyejulikana kwa "Captain Phillips" (2013), ameigiza Adan, kijana wa Kisomali aliyefukuzwa na mama yake. Anapata hifadhi msikitini, lakini akishamwokota mbwa, pa kulala panakuwa taabu.

Si filamu ya kuvunja mbavu. Kichekesho chake ni cha upole: mnyama ambaye Adan amefunzwa kumwepuka ndiye mwenzake wa njia. Sisi wa madhehebu ya Shafi, tunaojua kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, tutacheka tukijiona.

Lakini kicheko hicho kina swali. Tunahadithia watoto habari za mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Je, mwana wetu aliyekosea, mlango tumemfungulia? Filamu haimtakasi Adan wala haimhukumu. Itazameni pamoja na vijana wenu, kisha wapeni nafasi waseme.

Wabillahi tawfiq.