Nuru Unayoiona Ni Uchovu wa Jicho Lako

Mwezi uliopita, kwenye harusi moja mjini Wote, mhubiri aliyealikwa kuwapa maarusi nasaha aliacha habari za ndoa akaingia kwenye habari za macho. Alitangaza kwamba kila binadamu amezungukwa na nuru yenye rangi, kwamba rangi hiyo hufichua tabia na maradhi ya mtu, na kwamba yeyote anaweza kuyazoeza macho yake mpaka aione. Akatoa na mazoezi: msimamishe mwenzako mbele ya ukuta mweupe, mkodolee paji la uso bila kupepesa, subiri. Bibi harusi akaagizwa amfanyie mumewe hivyo kila jioni. Watu wakapiga makofi na kuitikia amina. Nimekasirika tangu siku hiyo.

Laiti angekuwa peke yake ningenyamaza. Lakini kutoka Mwingi hadi Mtito Andei nawasikia watu wenye diploma na kazi za ofisini wakisimulia mambo yale yale. Hao ndio wanaomdharau bibi kizee anayekwenda kwa mundu mue, yaani mganga wa Kikamba, kupigiwa ramli ya kibuyu. Wao hujifungia chumbani, wakanyoosha kidole mbele ya shuka jeupe, wakangoja rangi zitoke. Nuru hiyo wanaiita aura na wanaamini wanafanya sayansi.

Sayansi yenyewe ni hii. Nyuma ya jicho kuna utando wenye seli za kupokea mwanga, na zile zinazopambanua rangi ni za aina tatu. Ukikodolea shati jekundu kwa nusu dakika, seli zinazopokea wekundu huchoka. Ukihamishia macho ukutani, zilizobaki na nguvu hutawala, nawe unaona umbo la shati lile kwa rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani. Shati la manjano litakupa buluu. Mwambie bwana harusi abadilishe shati, na nuru yake itabadilika naye, ingawa tabia yake ni ile ile.

Sasa chukua kichwa chenye nywele nyeusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Sehemu ya jicho inayotazama kichwa inapumzika, inayotazama ukuta inachoka. Na jicho halitulii kabisa hata ukijikaza namna gani. Hutikisika kidogo kidogo bila wewe kujua. Kila linapotikisika, sehemu iliyopumzika huangukia ukutani, na pembezoni mwa kichwa hutokea ukanda unaong'aa. Hiyo ndiyo nuru mnayofundishwa. Weka chungu cheusi mahali pa bwana harusi, utaiona pia.

Wala uzushi huu haukuanzia Wote. Daktari Walter Kilner, aliyefanya kazi katika Hospitali ya St Thomas jijini London, alichapisha kitabu mwaka 1911 akidai kwamba ukitazama kupitia kioo chenye rangi iitwayo disianini, macho yako yatazoea kuiona nuru ya mwili na utaweza kutambua magonjwa. Madaktari wenzake waliukataa ushahidi wake. Mwaka 1939, fundi wa umeme Semyon Kirlian wa mji wa Krasnodar, huko Urusi, alipiga picha za vidole kwa kupitisha umeme wa nguvu kubwa, zikatoka na miali mizuri pembeni. Wapenzi wa aura wakashangilia. Lakini sarafu ya chuma ikiwekwa pale pale hutoa miali vilevile, kwa sababu ni umeme unaoruka hewani, na kwenye kidole hubadilika kwa unyevu wa jasho. Au sarafu nayo ina roho?

Hoja yangu ni moja na nitairudia mpaka isikike: wekeni ukuta. Wenyewe wanasema nuru hutokeza nje ya mwili, juu ya kichwa na kando ya mabega. Basi msimamishe mtu nyuma ya ukuta unaolingana na kimo chake. Mwili hauonekani, ila nuru itachungulia juu. Mwenye macho yaliyozoezwa aje atuambie nyuma ya ukuta upi kuna mtu na upi hakuna. Zoezi hili halihitaji maabara wala pesa. Ua wa shule yoyote ya msingi kule Zombe unatosha.

Na limewahi kufanywa. Mwaka 1989, kwenye kipindi cha televisheni nchini Marekani, mwonaji nuru aliwekwa mbele ya viambaza kumi, akadai anaona nuru juu ya vyote. Vingine havikuwa na mtu nyuma yake. Kisha akaja mtoto wa kike, Emily Rosa, mwenye umri wa miaka 9, akawajaribu waganga 21 waliodai kuhisi nguvu ya mwili wa mtu kwa viganja. Waliingiza mikono yao chini ya kiambaza, naye akaweka mkono wake juu ya mmoja, wa kulia au wa kushoto, wamwambie ni upi. Katika majaribio 280 walipatia asilimia 44. Anayekisia tu angepata nusu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Mtoto aliweka kiambaza, na madai ya watu wazima yakaanguka.

Nilipomwambia hayo shabiki mmoja wa mhubiri yule, alinijibu kwamba hata picha za watakatifu kanisani zina duara la nuru kichwani. Hebu msikilizeni! Duara lile lilichorwa ili hata asiyejua kusoma amtofautishe mtakatifu na watu wengine pichani. Kama brashi ni ushahidi, basi malaika wote ni Wazungu wenye mashavu mekundu.

Mwingine alimtaja Syokimau, nabii wetu Wakamba anayesimuliwa kuona nyoka mrefu atokaye baharini kabla reli haijajengwa. Msimchafue mama yule. Treni ilipofika Nairobi mwaka 1899, hata asiyemwamini Syokimau aliiona na angeweza kuipanda. Alilolisema lilikuwa jambo ambalo kila mtu angeweza kulikagua. Ninyi mnatuambia mambo ambayo mwonaji ni mmoja, shahidi ni mmoja, na hakimu ni yule yule.

Kuna watakaosema ni mchezo usio na madhara. Haiwezekani kusema hivyo Ukambani. Mkishamfundisha bibi harusi kwamba watu wabaya wana nuru nyeusi, wa kwanza kuonekana mweusi atakuwa mama mkwe. Tunaijua safari hiyo inakofika. Mwaka 1932 mahakama ya Nairobi iliwahukumu kifo wanaume 60 wa Kikamba kwa kumuua mwanamke mmoja, Mwaiki, waliyemshuku kuwa mchawi. Nao walikuwa na hakika. Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, iko vitabuni tangu 1925 na inakataza kumsingizia mtu uchawi, lakini sheria haiwezi kumlinda mjane dhidi ya jirani anayeapa kwamba ameona giza limemzunguka kwa macho yake mwenyewe.

Madhara mengine yako jichoni penyewe. Mama mmoja wa Kibwezi ninayemfahamu alianza kuona duara za rangi kuzunguka taa usiku. Ushirika wake ukamwambia amepata karama, akashukuru, akafunga na kuomba. Ilikuwa presha ya macho, ile ambayo madaktari huiita glakoma. Alipofika kliniki jicho moja lilikuwa limekwisha, na jicho lililopofushwa na ugonjwa huo halirudi. Mtoto wa jicho naye huleta duara kama hizo, na huo hutibiwa kwa upasuaji mtu akaona tena. Karama gani hii inayomzuia mtu kwenda hospitali?

  

Kwa hiyo nawaomba, hasa wachungaji na walimu: msimwachie mtu kipaza sauti kwa sababu tu amesema anaona. Akija kwenu na nuru zake, mwombeni asimame mbele ya ukuta na watu wajifiche nyuma ya ukuta huo. Akikataa, mmeshapata jibu. Na wewe unayeona duara za rangi kuzunguka taa, usingoje ibada ya Jumapili. Nenda kliniki ya macho kesho asubuhi.