Dawa ya Kutetemeka na Mzee Aliyeanza Kamari

Tumeulizwa na mama zetu wa Diani: yawaje mzee mcha Mungu, asiyewahi kucheza kamari, leo auze mbuzi acheze kwa simu? Twasema, kabla ya kumhukumu, tazameni dawa zake.

Katika maradhi ya Parkinson ubongo hupungukiwa na dopamini, mkono ukatetemeka na hatua zikawa nzito. Pramipeksoli na ropiniroli huiga kazi ya dopamini hiyo. Kwa kipimo kidogo hutuliza pia miguu isiyotulia usiku. Zina manufaa makubwa. Lakini kwa baadhi ya watu huamsha tamaa isiyozuilika: kamari, ununuzi, ulaji, hata matamanio ya mwili, jambo ambalo mke huona haya kulitaja.

Kamari ni haramu, wala hatuihalalishi. Ila msimnyang'anye mzee vidonge, kwani kuviacha ghafla kwaweza kumdhuru. Mrudisheni kwa daktari wake, Msambweni au kwingineko, mkamweleze yote pasi na kuficha. Yeye ndiye apunguzaye kipimo au abadilishaye dawa, na mara nyingi tamaa hiyo hutulia. Kwa sasa, M-Pesa yake na ishikwe na mwana mwaminifu, kwa ridhaa yake mwenyewe.