Kabla fundi hajapanda juu ya paa, chungulia mfuko wake

Hakuna karaha kama kuamka usiku wa manane, mvua ya masika ikinyesha, ukaanza kutafuta mabeseni ya kukinga matone sebuleni. Karaha huzidi ikiwa nyumba ni mpya na mkopo bado unakatwa kwenye mshahara.

Siku hizi wako wanaoezeka kwa vigae vya lami, vile vyembamba vinavyopangwa juu ya plaiwudi kama magamba ya samaki. Vinapendeza, lakini si mabati. Fundi akija na nyundo ya kawaida na msumeno pekee, mwulize maswali.

Kwanza, je, ana kishoka cha paa? Upande mmoja ni nyundo, upande wa pili ni makali, na kwenye ubapa kuna pini ya kupimia. Pini hiyo humwezesha kuacha kila safu wazi kwa kipimo kimoja, inchi 5 au zaidi kidogo, kulingana na maagizo ya kiwanda. Bila kipimo, safu huenda kombo na maji yakapata mwanya.

Pili, uzi wa chaki. Huvutwa, ukafyatuliwa, ukaacha mstari ulionyooka. Jicho la fundi, hata awe hodari, hudanganya.

Tatu, kisu chenye wembe uliopinda kama ndoano. Hukata kigae kuanzia ukingoni bila kuchana kilicho chini yake.

Jambo kuu, hata hivyo, ni msumari. Uwe umepakwa zinki na wenye kichwa kipana. Kila kigae kipate 4, na penye upepo mkali 6. Kichwa kilale sawa na kigae. Kikizama, kitakikata, kikibaki juu, kitatoboa kigae cha safu inayofuata. Kosa hili huwezi kuliona baadaye, kwa maana safu ya juu huwa imelifunika. Kwa hivyo, mwombe fundi akuwekee ngazi ukague safu za kwanza kabla hajaendelea.

Usione haya kutaka kuviona vifaa hivi kabla ya kutoa malipo ya kwanza. Fundi mwema hatakasirika, atavitandaza mwenyewe. Na kama hana, heri umngoje akavinunue yeye, kuliko wewe kununua mabeseni.