Mtoto Akienda Urusi, Aanze na Herufi

Kuna vijana wa Kongo wanaopata nafasi ya kusoma Urusi, na wengine wanaingia katika chuo kikuu cha Moscow chenye jina la Patrice Lumumba. Sisi tunawafungia makoti, soksi na pilipili. Tusisahau lugha.

Herufi zao ni 33, na baadhi zinadanganya macho. P inasomwa R, C inasomwa S, H inasomwa N, B inasomwa V. Ukiona mlangoni pameandikwa PECTOPAH, soma «restoran»: pale wanauza chakula. Mtoto ajifunze herufi hizi angali nyumbani, jioni kwa jioni, na wadogo zake wamsikilize.

Salamu ya heshima ni «zdrastvuyte». «Privet» ni ya marafiki tu. Kama Kifaransa kina «tu» na «vous», wao wana «ty» na «vy», na mkubwa ni «vy». Mwalimu anaitwa kwa jina lake pamoja na la baba yake: Ivan mwana wa Pyotr ni Ivan Petrovich. Asante ni «spasibo». «Mama» ni mama, kama kwetu. Lakini «baba» kwao ni bibi kizee au mwanamke, mara nyingi kwa dharau. Asimwite mtu hivyo!

Maneno mawili ayashike zaidi: «ne ponimayu», sielewi, na «pomogite», nisaidieni. Namba ya simu ya kuomba msaada ni 112. Akiletewa karatasi ya kazi au ya nyumba kwa Kirusi, asitie sahihi mpaka asomewe na mtu anayemwamini. Kusema «sielewi» si haya. Kutia sahihi usichokielewa ndiyo hatari.

Tena atastaajabu mengi. Huko Saint Petersburg, mwezi wa 6, usiku hauingii giza kamili, na madaraja ya mto Neva yanainuliwa usiku ili meli zipite. Aliyechelewa anasubiri ng'ambo. Moscow, katika kituo cha metro cha Ploshchad Revolyutsii, watu wanapapasa pua ya sanamu ya mbwa wakitafuta bahati. Na ziwa Baikal, lenye kina kirefu kuliko yote duniani, likifuatwa na Tanganyika yetu, linaganda wakati wa baridi hata magari yanapita juu yake.

Mwenye mtoto anayejiandaa, wiki hii amwandikie PECTOPAH. Akisoma «pektopa», bado hajawa tayari kupanda ndege.