Saa Kumi Jioni ni ya Mtoto

Wanachuo wenzangu wa ualimu, tunapenda sana kulaumu simu. Mtoto hasomi, simu. Mtoto hana adabu, simu. Lakini tuseme ukweli: muda wa kucheza umeliwa kwanza na tuisheni, na wanaofundisha tuisheni wengi ni watu kama sisi.

Angalia mtaani. Wa miaka 4 anacheza baba na mama, anapika mchanga kwenye kopo kutwa nzima, hakuna wa kumsumbua. Wa miaka 8 anapenda kombolela na gololi, ila akitoka shule anapelekwa tuisheni, anarudi giza linaingia. Wa miaka 12 yuko darasa la saba, basi hata Jumamosi si yake. Na akiwa wa kike, Jumapili nayo ni ya ndoo, ufagio na mdogo wake mgongoni, wakati kaka yake yuko chandimu.

Piaget tunamsoma ili tujibu mtihani tu. Kitabu chake cha 1932 kuhusu maadili ya watoto kinaanza na gololi! Aliona kuwa wadogo hucheza kila mtu kivyake. Kwenye miaka 7 hivi wanataka kushindana kwa sheria moja. Wakifika 11 au 12, wanakaa na kukubaliana sheria wenyewe, hata kuzibadilisha. Yaani umri uleule mtoto anaojifunza kutunga sheria na wenzake, sisi tunamfungia ndani na maswali ya kuchagua.

Najua jibu lenu: mzazi anataka matokeo, na mhitimu asiye na ajira anataka kula. Ni kweli, hata mimi hiyo hela naihitaji. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza katika kifungu cha 31. Ni haki, siyo zawadi ya kufaulu.

Basi tufundishe tuisheni kwa aliyekwama kwenye mada fulani, mara mbili kwa wiki, na akishaelewa tumwachie. Mzazi tumwambie wazi, na tumkumbushe kuwa kaka naye ana mikono ya kushika ufagio.

Mtoto ambaye hajawahi kubishana "umekanyaga mstari" na mchezo ukaendelea, atajifunzia wapi kubishana bila kupigana?