Dawa za sepsisi zijaribiwe na hapa kwetu



Natoa maoni yangu kuhusu ugonjwa wa sepsisi, ambao wengi wetu vijijini tunauita sumu ya damu.

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa darasa la tano alijikata mguu kwa jembe katika shamba la shule. Nilimfunga kitambaa, nikamruhusu aende nyumbani. Siku ya nne alikuwa akihema mbio na kuweweseka, akafariki njiani kabla ya kufikishwa hospitali. Tangu siku hiyo nimejitahidi kuusoma ugonjwa huu.

Nimeelewa kwamba vijidudu si adui peke yao. Kinga ya mwili hupigana bila mpango, ikaharibu mapafu, figo na moyo wa mgonjwa mwenyewe. Kwa wengine kinga hiyo huchoka kabisa. Ndiyo maana wataalamu wanatafuta dawa za kuituliza au kuiamsha. Kazi hiyo imekuwa ngumu. Dawa ya Xigris iliruhusiwa Marekani mwaka 2001, lakini mwaka 2011 iliondolewa sokoni baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba haipunguzi vifo. Siku hizi wataalamu wanajaribu kupima kwanza hali ya kinga ya kila mgonjwa, ndipo wamchagulie dawa.

Ombi langu ni kwamba majaribio hayo yafanyike na hapa kwetu. Wagonjwa wetu wengi wana malaria, utapiamlo au virusi vya UKIMWI, mambo ambayo hubadili kinga. Tukumbuke uchunguzi wa FEAST, uliotangazwa mwaka 2011, wa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Ulionyesha kwamba kuwapa watoto mahututi wenye homa maji mengi ya dripu kwa haraka kuliongeza vifo, ingawa tiba hiyo iliaminiwa sana. Bila ya kupima hapa, tungeendelea kupoteza watoto huku tukidhani tunawaokoa.

Wakati tukingoja, walimu na wazazi wenzangu, tuoshe kila jeraha kwa maji safi na sabuni, na mgonjwa mwenye homa na kuhema mbio tumkimbize kwenye matibabu siku hiyo hiyo. Dawa yoyote, hata iwe bora namna gani, haitamfaa mtoto aliyecheleweshwa nyumbani siku nne.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini.