Mto Thames Bado Unalipa Deni la Vita, Je Rufiji?



Kila masika yakipamba moto nyumbani, simu ya mpwa wangu wa Ifakara haikosi. "Shikamoo mjomba, mpunga umesimama vizuri, imebaki mbolea ya kukuzia tu." Nimeshazoea. Natuma hela ya mifuko mitatu ya urea na kulala usingizi mzuri. Safari hii nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kuuliza: ile ya mwaka jana ilifanya kazi? Akajibu, "Niliimwaga jioni mjomba, usiku ikanyesha kubwa, majaruba yakafurika, yote ikaenda na maji."

Ikaenda wapi? Hilo ndilo linalonifanya niandike leo.

Mimi naishi Reading, mji ambao Mto Thames unaupitia kabla ya kufika London. Mto huu una kitu ambacho mito michache sana duniani inacho: maji yake yamekuwa yakipimwa naitreti tangu 1868. Naitreti ndiyo hiyo naitrojeni ya mbolea, samadi na majitaka ikishayeyuka katika maji. Haina rangi wala harufu, kwa hiyo bila kupima huwezi kujua kama ipo.

Kwa miaka 70 ya mwanzo hakukuwa na la kutisha. Kipimo kilikuwa kama miligramu 2 za naitrojeni kwa lita. Ikaja Vita Kuu ya Pili. Chakula kingi cha Uingereza kilikuwa kinaletwa kwa meli, na meli zilikuwa zinazamishwa. Serikali ikaagiza malisho ya miaka mingi yalimwe. Udongo uliolala chini ya nyasi kwa vizazi ukapinduliwa, naitrojeni yake ikafunguka na kushuka na mvua. Kipimo mtoni kikapanda karibu mara mbili. Baadaye zikaja mbolea za viwandani kwa wingi, na kufika mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikaruka tena hadi kama miligramu 7. Hakijarudi kule kilikotoka.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Matumizi ya mbolea ya naitrojeni hapa Uingereza yalifika kilele miaka ya 1980, kisha yakashuka. Mbona mto haukushuka nayo? Kwa sababu sehemu kubwa ya bonde la Thames imekaa juu ya miamba ya chaki, na ndani ya chaki maji huteremka kama mita moja tu kwa mwaka. Mahali ambapo maji ya chini ya ardhi yako mita 30, naitreti iliyoondoka shambani 1990 inafika huko karibu na 2020. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Hapa msemo huo umekuwa hesabu kamili: aliyemwaga ni babu, anayekunywa ni mjukuu.

Na mjukuu analipia. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kuwalinda watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya chupa, maana ikizidi damu yao hushindwa kubeba oksijeni. Palipo na naitreti nyingi, makampuni ya maji huchanganya maji ya visima mbalimbali au kuyachuja kwa mitambo ya gharama. Gharama hiyo inaishia kwenye bili ya mteja.

Najua wapo watakaosema: huyu ameshiba Ulaya, sasa anataka wakulima wetu waache mbolea. La hasha! Mwaka 2006 kule Abuja viongozi wa Afrika waliahidi kutoka kilo 8 za mbolea kwa hekta hadi kilo 50 ifikapo 2015. Hawakufika. Mei 2024 wakakutana Nairobi wakaazimia kuongeza mara tatu uzalishaji wa ndani na usambazaji wa mbolea ifikapo 2034. Mimi naunga mkono. Mkulima wa Kilombero anayevuna kila mwaka bila kurudisha kitu anaifilisi ardhi yake. Ninachodai ni kwamba mbolea ikienda, kipimo kiende nayo.

Tena inawezekana. Denmark ilianza mpango wake 1987. Mkulima akatakiwa kuweka hesabu ya naitrojeni yake, samadi ikapangiwa majira ya kumwagwa, na mashamba yakapandwa mimea ya kufunika udongo baada ya mavuno. Naitrojeni inayofika baharini ikapungua kwa karibu nusu, na Denmark haikuacha kulima.

Sisi je? Maji ya Kilombero na Ruaha Mkuu yanaingia Rufiji, siku hizi yanatua kwanza katika Bwawa la Julius Nyerere, kisha yanaendelea hadi kwenye mikoko na kamba wa Delta. Maji yaliyotuama yakipata virutubisho huota mwani na magugu. Ziwa Victoria limeshatufundisha hilo kwa gugumaji, na somo lile tulililipia ghali.

Kwa mtazamo wangu yapo mambo matatu. Kwanza, serikali na bodi za mabonde zipime naitreti kila mwezi, mahali pale pale, na matokeo yatangazwe kwa wananchi. Thames walianza 1868 bila kompyuta. Pili, ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 iambatane na bwana shamba anayefika shambani, kwa sababu mfuko wa bei nafuu uliosombwa na mvua ni hasara kwa mkulima na kwa hazina. Tatu ni letu sisi tunaotuma hela: tuulize inatumikaje.

Mpwa wangu nimemtumia za mifuko mitatu kama kawaida, ila kwa masharti: azibe matuta ya majaruba kwanza, aiweke kwa awamu mbili, na aangalie mawingu kabla ya kufungua mfuko. Akacheka. "Mjomba, siku hizi umekuwa bwana shamba?"

Mtu akiona alichokituma kinaelekea baharini, atajifunza tu.